Bakuli Lililooshwa Mara Saba

Dada yangu Mwanakheri, shikamoo.

Sijamwambia mtu, nakwambia wewe: mimi ndiye niliyesema kwamba kwa Mzee Chen wanapika mbwa. Sikuona mbwa. Nilichelewa kurudi kwa kuwa nilikaa jikoni kwao nikicheka na binti yake, Mei. Shangazi aliponifokea nikaogopa, nikasema neno la kwanza lililonijia.

Mama hajambo kifua? Huku mjini sisi wazima wa mwili.

Unajua Mzee Chen ndiye aliyekuwa akitutengenezea tambi hapa mtaani. Kila Ramadhani bakuli lake la futari lilikuja kwetu, na letu likaenda kwao. Siku ile shangazi alimwaga chakula, akaliosha bakuli mara saba, moja kwa udongo, kama lililorambwa na mbwa, majirani wanamtazama. Hakuna aliyeuliza kama ni kweli. Wiki haikwisha, tambi zake hazina mnunuzi. Watoto wakimfuata Mei njiani: "Mchina, leo umemla nani?" Akaacha shule. Mimi nikaendelea mpaka nikamaliza.

Sasa wamekuja madaktari kutoka China, wanapokewa kwa ngoma, na mtaa nao umemkumbuka Mzee Chen. Jumapili tuliitwa mkutanoni. Mwenyekiti wa mtaa akasimama: "Mzee Chen, tangu baba yako alipofika hapa tumekudhulumuni. Tunakiri. Tuwie radhi."

Makofi. Bi Time, jirani yetu, akadakia, "Na huo uzushi wa mbwa aliuanza nani?"

Shangazi, bila haya: "Si wale wa mtaa wa pili! Sisi tulisikia tu."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma yake.

Mzee Chen akasema, "Nimesikia." Basi. Hakusema amesamehe.

Mei anajua, Dada. Siku ile jikoni tulikuwa sisi wawili, na chunguni mlikuwa na kunde. Watu walipotawanyika akanisogelea. "Mwenyekiti sina haja naye," akasema. "Nilikuwa nnakungoja wewe." Nikatazama chini. Nilipoinua uso ameshakwenda. Mwezi ujao wanahamia Dar es Salaam.

Nisalimie mama, na shemeji, na bibi anayenidai kanga. Lakini barua hii usimsomee yeyote, nakuomba. Siogopi kipigo cha shangazi. Mtaa ukijua ni mimi, wote watanitupia mimi, nao watarudi majumbani kwao wamesafika. Iwe siri yako, Dada.

Mdogo wako,
Zuhura