Sauti ya Shabani Kabla ya Arobaini

Jumatatu, 7 Julai
Nimefungua kibanda, nimefuta vumbi la barabara kwenye kompyuta. Wateja wachache. Kazi yangu hapa Maili Moja ni kuwawekea watu nyimbo kwenye flashi na memori kadi, na tangu msiba sijawasha spika. Mtu anataja anachotaka, naweka, anaondoka. Wa singeli. Wa bongo fleva. Mama mmoja wa taarab, anataka zile za kumrushia mtu maneno. Nimemwekea. Miaka yote nimeipenda taarab, na leo mafumbo juu ya mke mwenza yananikera kuliko nzi.

Kwenye hedifoni nasikiliza kitu kimoja tu. Mdogo wangu Shabani.

Jumatano, 9 Julai
Zamani nilikuwa naiita hip hop kelele za watu wenye njaa. Shabani alicheka tu. “Sista, hujakua wewe, ukikua utaelewa.” Mimi niliyembeba mgongoni!

Lori lilimkuta Misugusugu, akiendesha bodaboda ya mtu. Ameacha nyimbo tatu. Alizirekodi chumbani kwa rafiki yake Juma, godoro limeegemezwa ukutani kuzuia mwangwi. Mtandaoni hazijafika. Wiki ya msiba niliwawekea bodaboda wenzake wote wa kijiweni kwenye simu zao. Sikutaka hela. Niliona hiyo ndiyo heshima yake.

Mstari huu haunitoki:
Sina cheti, nina cheni na pikipiki ya tajiri,
yeye kalala kwake, mimi stendi nasubiri.

Hakuna fumbo hapo. Kasema, kamaliza. Nimeurudia mpaka masikio yakauma.

Ijumaa, 11 Julai
Baba amepiga kutoka kijijini kwetu Vihingo baada ya swala. Kaambiwa kwamba nyimbo za Shabani zinapigwa kijiweni. Anataka zifutwe zote kabla ya arobaini. “Mwanangu, zikipigwa huku, mwenzenu anaumia kule kaburini.”

Nimesema sawa baba. Kisha nimekaa chini ya meza ya kibanda kama mwendawazimu, nikalia.

Jumamosi, 12 Julai
Sijafuta.

Nimchukie baba? Siwezi. Yeye ndiye mwalimu wa madrasa kule, na kwenye maulidi ndiye anayeongoza dufu. Muziki wa kwanza kuupenda ulitoka mikononi mwake. Nilikuwa mbele kabisa kwenye kaswida, sauti yangu inasikika hadi mashambani. Nilipovunja ungo nikawekwa ndani, kaswida ikaisha. Huko ndani nikawa nasikia redio ya shangazi tu, taarab asubuhi hadi jioni. Nikaingia mzima mzima. Nilipoolewa Kibaha ikawa bongo fleva, mapenzi, mapenzi, mpaka mwenye mapenzi akahamia kwa mwingine. Nikarudi kwenye taarab kupigana na huyo mwanamke kwa spika. Alishinda. Alikuwa na spika kubwa.

Sasa nina umri huu na nasikiliza hip hop. Haijanibembeleza hata kidogo. Nadhani ndiyo maana.

Naogopa. Kama ni kweli anaumia, mimi ndiye niliyesambaza.

Jumanne, 15 Julai
Juma kaja kibandani. Kompyuta yake ndiyo yenye nyimbo zenyewe, biti peke yake na sauti peke yake. Nimemwambia agizo la baba, nikitegemea atakataa, nipate mtu wa kunisaidia kukataa. Kumbe hata yeye halali. Anasema akiziwasha anamwona Shabani kwenye sanda. “Dada, wewe ukifuta na mimi nafuta. Peke yangu siwezi.” Nilitamani kumpiga kofi.

Tumesikiliza wimbo wa tatu pamoja, sikio moja moja. Juma kanionyesha Shabani anapovuta pumzi, jinsi anavyoiacha biti imtangulie kisha anaifukuza. Sikuwahi kujua kwamba hiyo ni kazi. Nilidhani wanasema tu haraka haraka.

Alhamisi, 17 Julai
Nimesikiliza kutwa. Sikula. Mteja kaniambia nimekonda. Nimemjibu vibaya.

Jumapili, 20 Julai
Vihingo. Arobaini.

Khitma ilisomwa vizuri, pilau ikapikwa, watu wakajaa mkekani hadi nje. Vijana wa kijiweni walikuja na pikipiki zao, wakazizima mbali kwa adabu. Kwetu msibani mtu wa nyumba husimama akauliza nani anamdai marehemu, nani alikosewa, asamehe. Baba alishaliuliza hilo siku ya mazishi. Leo kasimama tena. Kofia yake ilikuwa imekaa upande na hakuna aliyethubutu kumwambia. Akasema, “Aliye na sauti ya mwanangu aifute. Nawaombeni.”

Mzee yule haombi watu. Sikuwahi kumsikia akiomba.

Simu zikatolewa palepale. Vijana wameinamisha vichwa, vidole vinatembea, wengine wanafuta machozi kwa bega. Juma kanitazama mimi. Kompyuta yake aliiacha tupu jana, kaniambia, baada ya mimi kumpigia kwamba hofu imenishinda, ya kibandani nimeisafisha. Kilichobaki kilikuwa kwenye simu yangu.

Sikuamini kwamba nitafanya. Nikafanya. Simu inauliza, una uhakika? Nikabonyeza ndiyo mara tatu, wimbo kwa wimbo. Hakuna amani iliyoshuka. Nilijisikia kama nimemzika mimi mwenyewe kwa mikono yangu, na pilau ikaletwa.

Jumatatu, 21 Julai
Nimewasha spika. Hip hop za watu wengine, watoto wa Mlandizi siwajui. Wengine wabovu. Mmoja anajua kuvuta pumzi, nimemsikia. Mama wa taarab kapita akaniuliza nimepatwa na nini.

Jumatano, 23 Julai
Baba amepiga saa ya alasiri. Kauliza biashara, kauliza afya. Kasema mvua hakuna. Nikasikia kuku wake. Kisha akauliza kama umebaki wimbo hata mmoja.

Nikamwambia hakuna, baba. Tulifuta zote.

Akasema vizuri. Simu hakuikata. Baadaye akasema yeye hakuwahi kuzisikia. Alikuwa anasemaje, yule mtoto?

Hasira ilinijaa, ikapita. Nikamwambia nakumbuka kidogo. Nikamsomea kavu kavu, kama tangazo:
Mzee kanifunza pumzi ziende na dufu,
mjini nazibana, kila siku pungufu.

Mstari unaofuata umenipotea. Nikaanza upya, ukanipotea tena palepale. Baba akasema nisiharakishe, yeye yupo tu.