Miezi Thelathini na Sita ya Chuo

Jumamosi, 3 Juni 2023
Marisela amemaliza sekondari! Nimelia mpaka wanja ukafika kidevuni. El Paso nzima, kama Texas yote, inaungua jua na mimi nimevaa viatu virefu — akili zangu. Jirani kaniuliza ada ya chuo nitatoa wapi. Nikamwambia jeshi litalipa. Miaka ishirini nimewaendeshea malori, miwili kati yake huko Iraki. Haki yangu ni miezi thelathini na sita ya chuo, na yote nimemwandikia binti yangu. Tamale za sherehe, zile za unga wa mahindi na nyama, zimekwisha kabla sijaonja.

Jumatano, 7 Juni
Haendi chuo.
Kaniambia huku anakaanga mayai, kama anayetaja hali ya hewa. Anataka ufundi umeme. Kampuni imeshamchukua, atajifunza kazini na mshahara juu. Nikamkumbusha Iraki. Mabomu ya barabarani, na siku alipotimiza miaka mitano, nikamwimbia kwa simu. Yote ili yeye aketi darasani.
"Basi kaa wewe, Mama," akasema. "Si wewe ndiye uliyetaka ualimu?"
Nikatoka kuosha gari. Lilikuwa safi.

Jumanne, 20 Juni
Wiki mbili za kununiana, ila mezani tunakula pamoja. Leo nimeingia kwenye tovuti ya jeshi, nikaondoa jina lake, nikaweka langu. Kubofya mara chache tu. Yeye kasimama nyuma yangu anatafuna chipsi, hana hata chembe ya majuto. Nina miaka arobaini na mbili.

Jumatatu, 28 Agosti
Siku ya kwanza! Nimefika mapema dakika ishirini, mazoea ya jeshi. Wanafunzi walioingia wakanyamaza, wakafungua madaftari. Walidhani mimi ndiye mwalimu. Nusura niwaite majina. Historia tamu. Aljebra sijaelewa kitu, ila nimenakili kila kilichoandikwa ubaoni.

Ijumaa, 22 Septemba
Jaribio la aljebra: thelathini na moja kwa mia. Nimeikunja karatasi mpaka ikatosha kwenye kiganja.
Nikaenda kwa Bwana Haskell, anayetushughulikia wastaafu wa jeshi pale chuoni. Akasema naweza kuliacha somo, mwisho Jumatatu jioni. Ila masomo yakipungua, posho ya nyumba ninayopewa na jeshi nikisoma nayo inapungua. Na bila aljebra, ualimu nisahau. Kanipa fomu. Hakunisukuma wala hakunizuia. Nilitamani anizuie.

Jumapili, 24 Septemba
Fomu nimeijaza, bado saini.
Marisela kaikuta mezani alipoleta burito, chapati za kukunjia nyama, za mchana. Nikajiandaa kwa kejeli. Kaisoma, kaingia chumbani, karudi na kitabu chake cha umeme. Kumbe umeme nao aljebra yake ni ileile! Ile x inayonitoa jasho, kwake ni mkondo wa umeme usiojulikana, basi. Kachora betri, waya, taa. Swali la kwanza nimekosa. La pili nimepata — kakagua mara mbili, hakuamini.
Fomu iko chini ya sahani, kona moja inachungulia. Katega saa ya simu, dakika tano kwa swali la tatu. Anasema niache kuandika mambo yangu humu.
"Kalamu hiyohiyo, Mama," anasema, ananisogezea daftari la aljebra. "Ila huku."