Farasi Aliyesimama Kimya Mno

MAELEZO YA SHAHIDI
Ofisi ya Sherifu, Wilaya ya Harlow, Tennessee
Tarehe: Jumanne, 20 Agosti 2019. Saa tatu na dakika kumi asubuhi.
Jina: Odessa Pruett. Umri: miaka 64. Kazi: mpokea malipo, duka la vyakula. Makazi: Barabara ya Cane Creek, nyumba ya pili baada ya kanisa.

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Kabla ya kuanza nilimuuliza Naibu Sherifu Wade Mabry, anayeandika, kama ana undugu na Royce Gammill. Alijibu kwamba mke wake na mke wa Royce ni mtu na binamu yake. Nikamwambia aandike hilo kwanza. Ameandika.

Nina farasi mmoja, dume aliyehasiwa, wa miaka minne. Jina lake Tolliver. Ni wa aina ya watembezi wanaofugwa huku kwetu, wenye mwendo laini wa kuzaliwa. Ukimpanda na kikombe cha kahawa mkononi, hakimwagiki. Mama yake alikufa akimzaa, nikamlea kwa chupa. Tangu mume wangu Dell afariki, huyo farasi ndiye ninayezungumza naye asubuhi.

Mnamo tarehe 4 Machi nilimpeleka kwa Royce Gammill, mkufunzi wa farasi wa maonyesho, ambaye pia ni shemasi wa kanisa letu. Sikulazimishwa. Dell alitamani utepe wa bluu, ule anaopewa mshindi wa kwanza, maisha yake yote, na mimi nilitaka kuuning'iniza chini ya picha yake. Royce alimtazama Tolliver akitembea, akacheka. Akasema, "Dada Odessa, huyu anatembea kama anakwenda kuchota maji. Niachie mimi, nitakurudishia bwana harusi."

Majaji wa huku hupenda farasi anayerusha miguu ya mbele juu karibu na kifua. Kwa hiyo huvalishwa viatu vyenye tabaka nene kama tofali, na mnyororo mdogo juu ya ukwato. Hayo yanaruhusiwa. Kisichoruhusiwa ni kuichoma ngozi kwa dawa kali ili mnyororo ukigusa kidonda, farasi aurushe mguu kwa maumivu. Kila mtu wilaya hii anajua kuna wanaofanya hivyo. Hakuna anayemjua hata mmoja.

Jumamosi tarehe 11 Mei, saa kumi na moja jioni, Royce alipita kwenye mashine yangu ya malipo na roli sita za nailoni ya kufunikia vyakula. Nimekaa kwenye mashine ile miaka kumi na tisa. Najua nani ana mgeni, nani ameacha pombe na nani ameirudia. Nikamtania, "Ndugu Royce, mna harusi?" Akasema mke wake anagandisha mahindi. Mahindi gani mwezi wa Mei? Huku mahindi huiva Julai. Kesho yake, kwenye chakula cha pamoja baada ya ibada, nilimuuliza mkewe, Twyla, mahindi yanaendeleaje. Akaniambia friza yao ilikufa tangu Januari. Nikamwekea kipande cha keki.

Royce ana kanuni kwamba mwenye farasi apige simu kabla ya kwenda. Jumamosi tarehe 8 Juni, saa nne asubuhi, nilikwenda bila kupiga. Nilimkuta Tolliver amelala chini. Miguu ya mbele ilikuwa imefungwa bandeji, na chini ya bandeji niliona nailoni ile ile ya vyakula, inayoifungia dawa kwenye ngozi isikauke. Kulikuwa na harufu ya dizeli na kitu kingine kikali kama haradali, macho yakaniwasha. Nikauliza ni nini. Royce akasema ni dawa ya kuchua. Nikamwambia mimi nimemchua Dell mgongo miaka thelathini, siijui dawa hiyo. Akasema, "Bi mkubwa, wewe pima nyanya, mimi nifundishe farasi." Nilirudi nyumbani nimekasirika, lakini nilirudi bila farasi. Nilijiambia shemasi hawezi kufanya jambo kama hilo.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi iliyopita, tarehe 17 Agosti. Saa tisa alasiri Tolliver alipelekwa kwenye ukaguzi. Mkaguzi huinama na kubonyeza kwa kidole gumba pale juu ya ukwato. Farasi mwenye kidonda huuvuta mguu, naye huondolewa.

Naomba hili liandikwe vizuri. Tolliver ana mtekenyo mahali hapo. Tangu utoto, ukimgusa juu ya ukwato huinua mguu na kutafuna kola yako. Fundi wa kwato alikuwa akija kwangu na shati kuukuu kwa sababu hiyo. Mkaguzi alimbonyeza mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Hakusogea. Masikio hayakusogea. Tolliver alikuwa anautazama mkono wa Royce, uliokuwa mfukoni, na shingo yake ililowa jasho ingawa hakuwa ametembea. Mkaguzi akasema, "Laiti wote wangekuwa hivi." Kisha akaniuliza swali, nikajibu, akampitisha.

Alishika nafasi ya kwanza. Nilipiga naye picha.

Jana Jumatatu, saa mbili asubuhi, nilikwenda kumchukua. Royce hakuwepo. Alikuwepo Ezell Biggs, mzee anayesafisha banda, ambaye nimesoma naye. Nilimuuliza ilikuwaje Tolliver asimame vile. Alitazama barabarani kwanza, akasema, "Dessa, usiniulize hapa." Nikasema nitauliza hapo hapo. Akasema, "Wanambonyeza kwenye kidonda. Akiuvuta mguu anachapwa usoni. Wanambonyeza tena. Wiki nzima, mpaka ajifunze. Farasi si mjinga, anachagua maumivu madogo."

Niliingia kwa Tolliver nikainama nikamgusa mwenyewe. Ngozi ilikuwa ya moto na haina nywele. Alisimama kama nguzo, akaacha hata kupumua. Kola yangu ilikuwa karibu na mdomo wake. Mimi niliyemlea kwa chupa, alikuwa ananiogopa.

Royce alifika saa mbili na nusu. Alikataa kunipa farasi, akasema mkataba wetu unakwisha baada ya maonyesho ya tarehe 31. Nilimwambia nitakwenda kwa sherifu. Hakupandisha sauti. Akasema, "Nenda, Dada. Ila kwenye karatasi ya ukaguzi mwenye farasi ni nani? Na mkaguzi alimuuliza nani?"

Naibu ameniuliza mkaguzi aliniuliza nini. Nimeomba maji, nimenywa.

Mkaguzi aliniuliza, "Mama, ndivyo alivyo siku zote?" Nilijua sivyo. Nilikuwa nimejua tangu zile roli sita. Nilijibu, "Ndiyo, ni mtulivu toka azaliwe." Nilikuwa nimeshachagua msumari wa utepe. Hakunisukuma mtu. Naona aibu, na naibu aandike hivyo hivyo.

Ninaomba mwende leo. Royce ameshajua, na jimbo la Kentucky, ambako ninyi hamna mamlaka, si mbali kwa mwenye gari la kubebea farasi.

Nimesomewa yote niliyoyasema. Ni ya kweli, pamoja na yale yanayonitia hatiani.

Sahihi: Odessa Pruett

Maelezo ya afisa: Shahidi alionywa kwamba maneno yake yanaweza kutumika dhidi yake. Alisema hakuna la kufuta. Saa tisa na nusu alasiri nilifika kwenye banda la Bw. Gammill nikiwa na hati ya hakimu na daktari wa wanyama. Nilimbonyeza farasi juu ya ukwato, miguu yote miwili ya mbele, kisha nikarudia. Hakusogea hata kidogo, wala hakuigusa kola yangu. Bw. Gammill alisema, "Umeona, Wade? Hana kitu." Nikamfungua farasi, nikaondoka naye.

W. Mabry, Naibu Sherifu