Serafina, Kapita wa Meli Hakuwa Mugonjwa

Serafina mutoto wangu,

Masera, wale watawa wa Bukavu, hawakukukataa. Nilikudanganya. Na ugonjwa wa kifua hauna, hata siku moja haukuwa nao. Naanza na hiyo, juu pengine dreva atasoma mistari mbili tu kiisha gari iende.

Barua hii haina bahasha. Nimeandika tatu sawasawa, nawapa madreva wa kamyo, mumoja wa Bukavu, mumoja wa Butembo, mumoja wa Stanleyville, juu sijui uko wapi. Niliwaambia waisome kwa sauti kila mahali wanasimama. Watu watajua mimi ni mutu gani. Sawa. Kwa katekista nilisoma miaka mbili tu, muandiko wangu ni hii.

Unakumbuka mwaka ile jiwe iliniangukia kwa bega. Tulikuwa tunavunja mawe nyeusi ya barabara. Kila mutu na sanduku yake kubwa ya mbao, unaijaza mawe, kapita, ule musimamizi wa kazi, anapima, ndipo unaenda nyumbani. Mutu asipojaza siku tatu anafukuzwa, na nyumba ya kambi anaiacha. Mimi na mukono moja nilikuwa nafika nusu. Mama yako alikuwa amekufa na kifua, tulibaki wawili, na hiyo nyumba.

Siku moja ulikuja saa kumi na sufuria ya viazi. Ulikuwa unatoka kwa wazungu wa Keshero, kule ulikuwa unachunga watoto. Saidi, ule mutu wa Maniema mwenye kuchokoza kila mutu, akakuuliza, "Mama Serafina, wazungu wamekula nini leo?"

Ukasema, "Papa Saidi, chakula yao siijui. Najua kitabu yao."

Na ukaanza. Madamu alikuwa anasomea watoto wake kitabu kiisha chakula ya saa sita. Vitabu saba vinafuatana, kimoja kinaachia hapa, kingine kinaanzia hapo. Vijana watano ndani ya meli, lakini haikuwa meli ya ziwa. Ilikuwa inaenda kati ya nyota. Nyota yao ilikuwa inazimika, wakubwa wao wote walikufa njiani, sasa wao watano wanatafuta nyota ingine ya kuweka watu. Kapita wa meli alikuwa musichana, Elina, miaka kumi na sita. Bruno kaka yake, mwoga, mwenye kupenda chakula. Mado wa kuchunga moto ya injini, hasemi kitu. Na mapacha wawili wenye kugombana juu ya kila kitu.

Saidi akasema, "Musichana ndiye kapita? Basi hiyo meli imekwisha kuanguka."

Ukamujibu, "Kapita yenu hapa ni mwanaume, na sanduku yako iko nusu."

Watu walicheka mpaka kapita akageuka. Hata mimi nilicheka. Bega iliniuma.

Kesho yake walikungojea. Siku ya tatu Bruno aliuza njia ya meli kwa maadui, juu walimupa mukate. Kambale, ule Munande mukubwa, aliweka nyundo chini. "Atupwe inje."

"Ni kaka yake," Saidi akasema.

"Hata mimi niko na kaka. Ningemutupa leo hii."

Waligombana juu ya Bruno wiki muzima, kama ni mutu wa kambi yetu. Wewe ulikaa juu ya jiwe, ukawaangalia, haukusema nani ana haki. Ulisema tu, "Elina hakulala. Alikuwa anafikiri vile Bruno alimubeba mugongoni wakati alikuwa mutoto." Kambale akachukua nyundo yake tena. Sijaona mutu mungine mwenye kumunyamazisha Kambale.

Kiisha Kambale akaniambia, "Muzee, mutoto wako aseme kila siku. Sisi tutajaza sanduku yako."

Hivyo ndivyo nilibakia na kazi. Wewe unasema, wao wanatupa mawe yangu. Karibu miaka mbili. Siku ile jino lilivimbisha shavu yako, haukuweza kufungua mudomo, nilikuambia, "Sema." Ukasema. Mate ilikuwa inatoka na damu, na mimi nilikuwa naangalia sanduku.

Ile wakati Masera walikuwa wanatafuta wasichana wa kwenda Bukavu kusoma kazi ya kuchunga wagonjwa. Ulitaka hiyo kuliko kitu yote. Kila siku ya Mungu kiisha misa ulikuwa unaniuliza kama barua imekuja, juu katekista alikuwa anazipitisha kwangu.

Ilikuja. Niliisoma polepole mbele ya moto. Sikufikiri juu yako. Nilifikiri, nani atajaza sanduku. Nikaiweka ndani ya moto, na juu yake nikaweka sufuria ya maharagi.

Ukaingia. "Papa, katekista alikupa kitu?"

"Alinipa. Wamekukataa."

"Juu ya nini?"

Sikuwa nimetayarisha jibu. Niliona kitambaa ya mama yako kwa ukuta. Nikasema, "Juu ya mama yako. Wanasema kifua iko ndani yako pia. Inangojea."

Haukulia. Uliuliza, "Walinipima na nini?"

"Masera wanajua," nikasema. "Toa maharagi kwa moto."

Tangu siku ile ulichukua sahani moja ya bati, ikakuwa yako peke yako. Ulikuwa unakula inje, unachemusha kikombe yako, unalala jikoni. Uliacha kazi kwa wazungu, ulisema hautagusa tena mutoto wa mutu. Ule fundi wa nguo wa Mabanga alikuja kukuomba, ukamurudisha, na alikuwa kijana muzuri. Niliona yote. Ningesema neno moja tu. Nilikuwa nakula ndani, mezani, nasikia kijiko yako inagonga bati kule inje.

Kwa wazungu haukuwa tena, lakini kwa mawe ulikuja kila siku, ukakaa mbali na watu, ukapandisha sauti. Hakuna mutu aliuliza kitabu unaisikia wapi sasa. Mimi pia sikuuliza.

Kiisha Elina akagonjwa. Ulisema ni ugonjwa wa nyota, unakaa ndani ya mutu bila kuonekana, siku moja unaamuka na unaua meli muzima. Elina aliwaita wote. Akawaambia wamuweke juu ya jiwe moja yenye kuzunguka peke yake kati ya nyota, wamuachie maji, wao waende.

Kambale alisimama. "Hapana. Mupandishe tena ndani ya meli."

"Hawezi, papa Kambale. Atawaua."

"Bruno anasema nini?"

"Bruno analia. Anasema atabaki naye. Elina amemufungia mulango."

Saidi, yeye wa kucheka kila siku, alisema polepole, "Mama, usitufanyie hivyo."

Watu waliacha kuvunja mawe. Sanduku yangu ilikuwa bado. Nikakulalamikia mbele ya wote, "We mutoto, waambie amepona. Watu wafanye kazi."

Uliniangalia. "Nani alisema amepona, papa?"

Hapo. Ulikuwa unaniuliza mimi. Nilijua ukweli, na pengine wewe uliona kwamba najua kitu. Watu kumi na mbili walikuwa wanangojea. Nikasema, "Sema unavyotaka, lakini maliza mbio."

Ukamaliza mbio. Meli ilienda.

Asubuhi haukuwa jikoni. Sahani ya bati haikuwa pia. Jirani mama Vumilia alisema ulimuachia neno, "Ambia papa sikukimbia. Nimeenda nisimuambukize." Alinirudilia hiyo neno mara mbili, juu aliona nimeinama. Alifikiri nalia. Nilikuwa natafuta namna ya kumuambia Kambale kwamba hautakuja.

Siku tatu watu walijaza sanduku yangu kwa huruma. Siku ya ine Kambale akasema, "Muzee, malizia wewe basi. Elina alikufa?"

"Hakukufa."

"Alipona namna gani?"

Mimi sijui kusema kama wewe. Nilisema, "Hakuwa mugonjwa."

"Na nani alimuambia yuko mugonjwa?"

"Papa yake."

"Papa yake alikufa njiani na wakubwa wote," Saidi akasema. Kiisha akaniangalia sana. Alikuwa amekuona na sahani yako.

Kambale hakunipiga. Ningependa anipige. Aliinama, akatoa jiwe moja moja ndani ya sanduku yangu, yale aliweka asubuhi ile, akayarudisha kwake. Wangine wakafanya vilevile. Ilipobaki mbao tupu, kapita akaja kupima.

Walinifukuza wiki ile. Sasa nalala nyuma ya soko, nabebea watu mizigo kwa bega moja. Nyumba ya kambi imeingia mutu mungine. Usinihurumie. Nimekuwa mugumu hivi tangu zamani, na njaa haikunifanya muzuri. Kama ile jiwe ingeniangukia leo, na barua ingekuja leo, sijui ningefanya nini. Nasema kweli.

Nilienda kwa Masera kuomba wakuandikie tena. Masera mukubwa alinisikiliza nimesimama. Alisema nafasi yako ilingojea mpaka musimu ikapita, kiisha waliweka musichana mungine. Sasa wanachukua wadogo kuliko wewe. Nikamuuliza kama hakuna njia ingine. Alifungua mulango, akanionyesha inje.

Sikuombi unisamehe. Sikuombi urudi, hakuna nyumba. Ukisikia hii, tafuta bwana, zaa watoto, washike na mikono yako. Na ukitaka kuwaambia babu yao amekufa, waambie.

Kitu moja inabaki, na ni yako. Barua niliichoma, lakini niliisoma yote kwanza, na kichwa yangu imekataa kuiachia. Masera waliandika kwamba wasichana walikuwa wengi, na wengine walijua kusoma kuliko wewe. Waliandika, "Tunamutaka Serafina, kwa sababu alimuchunga mama yake mpaka mwisho, na hakuogopa."

Mimi, wakati ulikuwa unamuchunga, nilikuwa nalala kwa jirani.

Papa yako