Franga Zisizotembea

Jumatatu, 4 Oktoba 1999

Itangazwe kwa wakaaji wote wa nyumba hii ya Nyalukemba, yaani mimi na mijusi wa darini: suruali ya kijivu imepigwa pasi leo, kwa mkono wa mwenye nyumba mwenyewe. Mguu wa kulia umenyooka. Mguu wa kushoto una mistari miwili inayoshindana. Walimu wenzangu waliiona, wakarudisha macho kwenye madaftari yao. Watu wenye adabu.

Suruali ni ya safari. Kibali cha kwenda Bujumbura kimetoka, Jumamosi hadi Jumatatu. Maman Faida, mke wangu, yuko huko kwa binti yetu tangu vita hii ya pili ilipoanza mwaka jana. Alisema anakwenda kungoja mambo yatulie. Yametulia kiasi gani sijui, lakini nataka kurudi naye. Sijamwambia kwamba nakuja. Ndiyo safari yenyewe, haina jambo lingine.

Dola hamsini ninazo, noti moja. Imebaki kupata franga za Burundi kwa bei nzuri. Papa Bahati, mwalimu wa fizikia, anasema nisithubutu kuvunja dola Uvira wala mpakani, watanichuna kama mbuzi. "Vunja hapa hapa, prof. Kile kinabakia, umununulie maman kitenge." Kitenge. Sikuwa nimekifikiria. Sasa sifikirii kingine.

Jumanne, 5 Oktoba

Nyawera, kwa Maman Mapendo. Anavunja pesa chini ya mwavuli, na midomo yake haipumziki. Akaielekeza noti yangu kwenye jua. "Papa Prof, hii dola ilikuwa inalala wapi? Imekunjwa kama sambusa."

Ilikuwa inalala ndani ya kiatu, tangu wanajeshi walipopita nyumba kwa nyumba. Sikumwambia. Nadhani pua yake ilijua.

Mji huu una ugonjwa wake. Dola yenye mikunjo inapoteza bei, dola yenye tundu haina bei kabisa. "Inyooshe kwanza," alisema, "halafu nitakupa bei ya ndugu." Nimeilaza chini ya kamusi kubwa ya Kifaransa. Tuone kama lugha ile inasaidia kitu.

Jumatano, 6 Oktoba

Haikusaidia. Kona bado zimesimama kama masikio ya sungura.

Nikawaza: si nina pasi? Si mimi niliyeshinda suruali? Nikatia makaa, nikatandika taulo, nikaiweka noti juu yake. Nikapuliza ili makaa yashike. Cheche moja ikaruka.

Tundu dogo tu. Karibu na sikio la yule muzungu mwenye ndevu aliyechorwa kwenye noti. Anaonekana kama mtu aliyetobolewa kwa ajili ya hereni.

Nilicheka. Hapakuwa na wa kucheka naye, nikaacha. Maman Faida angekuwepo angeninyang'anya pasi kabla sijapuliza. Halafu angenisimulia kwa majirani mwaka mzima, na kila mara angeongeza chumvi. Nimekosa hata hilo.

Alhamisi, 7 Oktoba

Baada ya masomo: Nyawera, Kadutu, kisha mpaka karibu na daraja la Ruzizi. Kila meza jibu moja. Bwana mmoja alinirudishia noti kwa vidole viwili. "Papa, hii uitie mu kadre ya picha, utundike ku ukuta ya salon."

Maman Mapendo alicheka mpaka akaushika mwavuli usianguke. "Nilisema uinyooshe, sikusema uichome!" Alipopata pumzi akasema ataichukua kwa nusu ya bei. Ana mtu wake Goma anayepokea noti kama hizo. Nusu. Nilikataa kwa heshima kubwa, kama mtu aliyeacha nyingine nyumbani.

Mvua imeninyeshea tangu kwake hadi mlangoni. Fufu ya jana, baridi. Nimekula nimesimama.

Ijumaa, 8 Oktoba

Maman Nsimire, jirani wa ng'ambo ya njia, amerudi kutoka Bujumbura na katoni zake za sabuni. Nilimkimbilia kabla hajavua viatu. Huenda amebaki na franga za huko, tukabadilishana wenyewe kwa bei ya majirani. Hana. Zote zimeingia kwenye sabuni.

Lakini ana kitu changu, kutoka kwa mke wangu. Kitambaa chake cha kichwa, kile cha bluu, kimefungwa fundo. Ndani yake pesa. Pesa ya kwetu.

Nikazitambua. Ndizo nilizompa mwenyewe asubuhi ile alipoondoka. Nauli ya kurudi. Zimekunjwa vilevile nilivyozikunja.

"Amesema uzitumikishe tu, papa. Kule hazitembee."

Nilifurahi kidogo, mpumbavu mimi. Kweli kabisa, nikasema, pesa yetu kule haina kazi. Hata hapa, jinsi ilivyoanguka, nauli ya mwaka jana haimfikishi mtu hata Luberizi, katikati ya njia. Kisha nikauliza kama kuna neno lingine. Maman Nsimire akatazama katoni zake. Akaanza kunieleza bei ya sabuni.

Kama anarudi, nauli angeirudishia nini?

Jumamosi, 9 Oktoba

Basi limeondoka.

Jumapili, 10 Oktoba

Baada ya misa Papa Bahati akaniuliza mbona niko hapa. Nikamsimulia noti na cheche. Alicheka, akawaita wengine, nikasimulia tena. Uwanja mzima wa kanisa sasa unajua kwamba mimi ndiye niliyechoma safari yangu kwa pasi. Wameniamini. Ni kitu ninachoweza kufanya.

Yaliyotokea kweli ni haya. Ijumaa jioni nilirudi kwa Maman Mapendo, nikakubali nusu. Alinitazama usoni, akaongeza kidogo bila kuombwa, na hakunitania. Franga za Burundi zilitosha: kwenda, kula, na kurudi watu wawili. Kitenge hapana. Jumamosi alfajiri nilikuwa mlangoni pa basi, na suruali ya kijivu. Njia ilikuwa wazi, hata wanajeshi walikuwa wapole. Konvuayeri, yule anayekusanya nauli, akaniuliza: "Papa, unapanda ao unasindikiza?"

Nikasema nasindikiza. Hakuuliza nani.

Si noti, si vita. Alichoniambia kwa kitambaa niliogopa kukisikia kwa mdomo wake, mbele ya binti yetu, nikiwa na nauli yake mfukoni.

Kibali kinaisha kesho. Suruali nimeitundika. Franga za Burundi nimezifunga katika kitambaa cha bluu, pamoja na zile zake. Hapa hazitembei.