Dole Gumba la Mama

Jumanne, 4 Agosti
Bosi kaniita pembeni. Kumbe alinisikia nikiongea na mama kwa simu, kwa lafudhi yetu ya kijijini. Anasema sauti hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta kwa kampeni ya mgombea wetu – watangazaji wake wa mjini hawaaminiki huko. Mimi niliajiriwa kuchapa barua tu! Kisha akauliza wazee wa kwetu wanasaini vipi wakichukua dawa zahanati. Nikasema wengi wanaweka dole gumba. Akaandika. Nikadhani ni soga tu.

Alhamisi, 6 Agosti
Nimerekodi. Ndani ya stoo, mlango umezibwa kwa godoro. Sekunde arobaini: ndugu zangu, upande wa pili wamechukua madaftari ya zahanati, ukiweka dole kuchukua dawa kabla ya uchaguzi, dole hilo linahesabiwa kura yao. Mgombea wetu hatajwi kabisa. Wakaongeza sauti ya kuku nyuma, ionekane niko uani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Jumamosi, 8 Agosti
Imefika vijiji mia mbili na ushee. Inarushwa kundi hadi kundi, sisi hata hatuisukumi tena. Ofisi nzima imenipigia makofi. Nilijisikia mtu!

Jumatatu, 10 Agosti
Kaka, anayeishi na mama, kapiga simu. Mama kagoma kwenda kuchukua dawa za presha. Zimekwisha tangu Ijumaa. Kichwa kinamgonga, macho yanaona ukungu. Kaka kambembeleza weee, wapi. Zahanati tupu, nesi anapiga miayo. Uchaguzi ni Jumapili – siku sita! Sikuwahi hata kufikiria kwamba sauti ile ingefika hadi kwenye simu ya mama.

Jumanne, 11 Agosti
Nimemwomba bosi tukanushe. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikata maini. Kwa upole akasema ukikanusha unaisambaza zaidi, halafu akaniuliza kama niko tayari kurekodi nyingine.

Nikajirekodi kwa simu yangu, nikatuma kundi la ukoo: ni uongo, nendeni mkachukue dawa. Dakika tano hazikuisha, baba mdogo akanitoa kundini. Kaka anasema baba mdogo kawaandikia wote kwamba upande wa pili wameninunua.

Jumatano, 12 Agosti
Saa nne asubuhi nimejifungia choo cha ofisi, nikampigia mama. Nimemwambia waziwazi: ile sauti ya kwanza ni yangu, niliandikiwa nikasoma, hakuna daftari lililochukuliwa.

"Najua ni yako, mwanangu. Nilikutambua neno la kwanza. Ningemwamini nani mwingine?"

Nililia kama mtoto. Nikamwambia basi niamini na sasa, mama, kaka akupeleke leo hii. Akashusha sauti.

"Hao wa upande wa pili wako hapo karibu yako, sio? Wamekulazimisha ukanushe. Usiseme kitu tena, wasije wakakudhuru."

Nikaapa kwa kaburi la baba. Akanipa pole kwa yaliyonikuta. Atavumilia hadi Jumapili, anasema, kichwa tu hicho. Akakata.

Nimepiga mara tisa, hapatikani. Nikampata kaka. Anasema mama kaizima simu na kuifunika chini ya nguo sandukuni, ili hao watu wasinifuatilie kupitia kwake. Sasa kajilaza, hataki hata dirisha lifunguliwe. Bosi anagonga mlango, anauliza kama niko sawa.