Zaituni Hana Nchi

Husby, Stockholm
Jumamosi

Kaka Salim,

Dada yetu Zaituni amepoteza uraia wake wa Kuwait. Ilikuwa Jumapili ya wiki iliyopita, saa saba mchana, wali uko mezani. Mwanawe mkubwa alikuwa akisoma kwenye simu orodha ya waliovuliwa uraia iliyotangazwa na serikali. Alipofika jina la mama yake, akampa baba yake simu. Basi. Hakuitwa, hakuulizwa.

Nimeanza na hilo kwa sababu ukikuta jina lake katikati ya barua utaikunja. Sasa nakusalimu, kaka. Goti lako linasemaje? Na wifi yangu, pumu imempumzisha? Sisi tu wazima wa mwili. Kampuni yangu ya usafi, ile niliyoanza na ndoo moja, ina watu kumi na mmoja, na wiki hii wanne wana homa, kwa hiyo nimerudi kupiga deki mwenyewe kule Flemingsberg.

Huko ndiko nilikomweleza Espe, Mrundi ninayefanya naye kazi. Akasimamisha ufagio. "Ee mama! Na huku si kuna mfalme vilevile? Kesho atanitoa na mimi?"

Nikamwambia mfalme wa hapa hawezi kumwachisha kazi hata bawabu. Wabunge mia tatu arubaini na tisa, serikali inatoka kwao. Kuwait ni mambo mengine. Amiri, mtawala wao, hutoka ukoo mmoja, na ndiye amteuaye waziri mkuu. Bunge lilikuwapo, viti hamsini vya kuchaguliwa, tena lenye mdomo. Mawaziri walikuwa wakiitwa na kuhojiwa. Amiri akalivunja, akasimamisha vifungu kadhaa vya katiba kwa muda usiozidi miaka minne. Sasa amri ikitoka, hakuna wa kusimama akauliza.

"Basi nendeni mahakamani," nilimwambia Zaituni kwenye simu.

"Mahakama gani, wee Mwanahawa? Uraia hapa jaji haugusi."

"Na Jasim? Mumeo si ana watu?"

Akacheka, kaka, kicheko kikavu. Unajua wao shida zao humaliza kwenye diwaniya, lile baraza la wanaume: unaingia kwa mkubwa, unakunywa kahawa, unasema neno lako, kesho yake limekwisha. Ndivyo Jasim alivyopata kila kitu maishani. Safari hii kaingia, kanywa, kasema. Mkubwa akamjibu, "Jasim, hata mama wa watoto wangu yumo kwenye orodha."

Wanawe watatu wamebaki Wakuwait kwa baba yao. Nyumba nzima ni raia, isipokuwa aliyewazaa, kwa kuwa yeye uraia aliupata kwa ndoa, na wa ndoa ndio wanaoufuta. Na sheria yao ilisema aliyepewa uraia hupiga kura baada ya miaka ishirini. Yeye alikuwa na kumi na tisa. Alikuwa akihesabu, kaka, hata bunge lilipovunjwa hakuacha kuhesabu.

Jumatano nilipokupigia ulisema, "Aliuvua Ukenya kwa mkono wake. Baba akafa, kumzika hakuja. Leo ndiyo anajua ana kwao?" Ukakata.

Sikukulaumu. Miaka yote hii mimi nami nimesema hivyo hivyo. Nilimnyima hata salamu ya Idi. Basi usiku huo nikamwuliza waziwazi: kwa nini hukuja kumzika Baba? Ndipo akanieleza.

Kuwait haikumpa uraia kabla hajaurudisha wa Kenya. Akapeleka pasipoti yetu, akapewa karatasi ya kungoja, akangoja miezi kumi na minne. Baba alifariki mwezi wa tisa wa kungoja huko. Zaituni hakuwa na pasipoti ya nchi yoyote, Salim. Alikaa uwanja wa ndege na mkoba wake tangu asubuhi mpaka magharibi, wakamrudisha nyumbani.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza.

"Baba alishawaambia watu wote msikitini kwamba mimi ni Mkuwait. Ningemfanya mwongo akiwa kaburini?"

Tumemhukumu miaka yote hiyo kwa kosa la karatasi, wewe na mimi.

Sasa amepewa muda arudishe uraia wake wa kwanza, na muda huo unakwenda. Kenya siku hizi aliyezaliwa raia anaruhusiwa kuuomba tena. Vinatakiwa vitu vitatu, na vyote viko kwako: cheti chake cha kuzaliwa, kitambulisho cha Baba, na kiapo chako mbele ya wakili, kwa kuwa ndiwe mkubwa wetu.

Nisalimie shangazi yetu, umwambie dawa yake ya macho inakuja pamoja na barua hii. Nisalimie wifi, na binti yenu mwalimu. Mwanangu Nasra anakuamkia. Hasira zake kaniambia kwa Kiswidi, maana Kiswahili chake cha kukukasirikia hakitoshi.

Barua hii anakukabidhi Bi Halima, jirani yangu. Anarudi huku Alhamisi ya wiki ya pili, na nimemwomba apite tena kwako Jumatano, siku moja kabla, saa kumi jioni, achukue jibu. Usimpe chai ukamwambia "tutaona". Nataka neno moja kabla hajainuka kitini: utaapa kwamba Zaituni ni dada yako, au hutaapa?

Mdogo wako,
Mwanahawa